Mikanda ya Bwana Tope

Chumba cha Skana,
4 Machi

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa kaka. Mimi sijambo, ila mgongo unaniuma kwa kuinamia mashine. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako hushika mtandao ukiwa umepanda ngazi ya tangi la maji, na sitaki kusikia umevunjika kiuno kwa ajili yangu. Dereva wetu anayefuata chupa za maji ya kupimwa hupita kwenu kila baada ya wiki mbili. Amekubali kubeba bahasha zetu, bora tusimtume na kuku.

Jambo lenyewe ni hili. Taasisi imeanza kuingiza utafiti wa zamani kwenye hifadhi ya kidijitali, na mkuu wangu amekubali kazi ya kaka ya bwawa iingizwe. Unakumbuka ripoti yake ilivyopokelewa. Aliandika kwamba bwawa linajaa tope na limeshapoteza karibu nusu ya kina chake. Mhandisi wa bwawa akasimama kikaoni akamwita Bwana Tope, watu wakacheka, ripoti ikaenda kabatini. Sasa kuna kamati inayotaka kuvuta mabomba mapya kutoka bwawa hilohilo. Itakaa mwishoni mwa Juni, na imeagizwa isome kwanza kila kilichomo kwenye hifadhi. Kilichomo, wifi. Kisichokuwemo ni kama hakijawahi kuandikwa.

Nahitaji ripoti, madaftari ya hesabu, na zaidi ya vyote ile mikanda mirefu ya karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kupimia kina, ile aliyokuwa akiifunga kwenye boti. Ripoti ni maneno ya kaka. Mkanda ni bwawa lenyewe limejichora, na hakuna nakala nyingine popote. Michoro yake inafifia kila mwaka, kwa hiyo tusichelewe.

Tafadhali zingatia: mikanda isiguse maji. Usiiweke sakafuni, maji yakimwagika itaharibika. Kama paa bado linavuja, itafutie kinga ya maji kabla ya mvua. Usitumie gundi wala pini.

Mwambie kaka asiwe na wasiwasi. Najua hawezi kujibu kwa maneno mengi, lakini masikio yake mazima.

Wifi yako mpenda utaratibu.


Nyumbani,
18 Machi

Kwa wifi mwenye kanuni nyingi kuliko trafiki,

Tumepokea. Nilimsomea kaka yako barua nzima. Nilipofika kwenye Bwana Tope alicheka upande mmoja wa mdomo, ule mzima. Tangu kiharusi kimpate maneno yanatoka nusunusu, lakini ukimtajia bwawa anakuwa kama mtu aliyeitwa jina lake. Alinyoosha mkono wa kushoto akagonga sanduku la bati lililo chini ya kitanda mpaka nikalivuta.

Wifi, humo ndani kuna vitu. Mchwa walionja ripoti moja pembeni wakaiacha, nadhani hata wao ilikuwa ngumu kwao. Nimekupangia ripoti na madaftari yote kwenye boksi, dereva anayo. Mikanda nitaileta safari ijayo, kwa sababu imejikunja kama nywele na nataka uipokee ikiwa na heshima yake.

Usinifundishe kulinda karatasi. Mtaa mzima unaniletea vyeti vya kuzaliwa na vya shule nivipige laminesheni, nivifungie ndani ya plastiki. Kuna mama alidondosha cheti cha mwanawe kwenye ndoo ya kufulia, akakitoa, akakifuta na kanga, akaenda nacho shuleni. Kazi ya mkono wangu hiyo. Kwa hiyo kuhusu maji lala usingizi. Mikanda ya kaka yako hata gharika ikija itaelea.

Paa linavuja bado. Fundi anasema anakuja. Anasema hivyo tangu nyumba inajengwa.

Kaka yako anakusalimu. Anajifunza kuandika kwa kushoto. Jana aliandika neno moja, sijui ni "chai" au "choo", nikampa vyote viwili.

Wifi yako mwenye duka.


Chumba cha Skana,
1 Aprili

Wifi,

Boksi limefika salama na nimekwisha kuorodhesha kila kitu. Kila ukurasa wa madaftari umepita kwenye skana na kuhifadhiwa mahali pawili tofauti. Mwandiko wa kaka wa zamani unasomeka vizuri mno. Nilikaa kidogo nikiutazama, kisha nikaendelea, maana nyuma yangu kulikuwa na marobota ya watu wengine.

Mkuu wangu amesoma. Ni mtu wa maneno machache, tunamwita Bwana Mhuri. Alisema hesabu zimepangika, lakini yeyote anaweza kupanga hesabu mezani kwake. Bila mikanda ataingiza jina la ripoti peke yake, na kamati itaona kichwa cha habari bila kitu chini yake. Mhandisi naye bado yupo, na sasa anakaa kwenye hiyo kamati.

Kwa hiyo ile mikanda ndiyo kila kitu. Safari ijayo usimwache dereva aondoke bila hiyo.

Madaftari yenyewe nitakurudishia. Usiyachome, hata kama tuna nakala. Mashine nazo huugua.

Wifi yako.


Nyumbani,
15 Aprili

Wifi,

Sisi wazima. Mvua imeanza.

Mikanda bado naipanga. Ni mingi na kaka yako ana mambo yake, leo anataka itoke, kesho anaikalia. Unajua mgonjwa akishika neno. Halafu mchwa wamerudi, kwa hiyo nimehamishia sanduku dukani, huko ni pakavu. Dereva alikuwa na haraka pia. Mwambie ajifunze kunywa chai ameketi.

Nilitaka kukuuliza jambo dogo. Karatasi ikibadilika rangi, hiyo skana yenu bado inaona? Nauliza tu. Kuna mteja ana cheti kimekuwa na rangi mbaya na nimemwambia nina wifi anayejua mambo haya.

Fundi wa paa alikuja. Alitazama, akasikitika, akaondoka.

Wifi yako.


Chumba cha Skana,
29 Aprili

Wifi,

Dereva amekuja mikono mitupu kwa mara ya pili. Anasema hukumpa hata chai, ulimpokea mlangoni na kumwambia kaka amelala. Kumbe barua yako ilisema yeye ndiye mwenye haraka.

Nitasema wazi, kwa kuwa sisi si wageni. Kaka hawezi kukalia sanduku lililo dukani kwako. Siku zote hukuipenda kazi ya bwawa. Ulisema boti ndiyo mke mkubwa na wewe ni wa pili. Ulisema mbele ya mama, kwenye meza ya chakula, kwamba mwanamume mwenye akili hapimi tope. Nilidhani ulikuwa unatania. Sasa sijui tena. Kama unaona bora kazi yake ife sandukuni kuliko kusafiri na dereva, niambie nije mwenyewe kuichukua, nitaomba ruhusa.

Umesaidia nini kwenye kazi ile, wifi, miaka yote? Angalau usiizuie.

Kuhusu mteja wako: skana inaona hata yale ambayo jicho halioni, mradi cheti hakijaungua.

Mimi.


Nyumbani,
13 Mei

Wifi,

Hakuna mteja.

Nilisoma barua yako dukani nikiwa nimesimama, na sikukasirika, jambo ambalo litakushangaza. Nilitamani yote uliyoyasema yawe kweli. Ningekuwa nimeificha tu, ningeitoa.

Ilikuwa Jumapili mchana. Kaka yako alikuwa kwa mtu wa mazoezi ya mkono. Nilitaka akirudi akute imependeza. Mashine yangu ya laminesheni haiwezi, bahasha zake ni fupi na mikanda ni mirefu, kwa hiyo nilikata plastiki ile nzito ya robota, nikalaza mkanda, plastiki juu na plastiki chini, nikatandika kitambaa cheupe pasi isishike, nikapitisha pasi. Niliipanga meza nzima, nikapitisha polepole kama ninavyopiga shati la harusi. Nikaimba pia. Nilipomaliza ndipo nikainua kitambaa.

Ilikuwa myeusi, wifi. Si madoa. Myeusi yote kama sufuria, mkanda wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilidhani ni pasi chafu. Nikageuza pasi, inang'aa. Nikachukua risiti ya dukani, ile inayotoka kwenye mashine ya kulipia, nikaigusisha pasi, nayo ikawa nyeusi. Ndipo nikaelewa kwamba zile ni karatasi za namna moja, zinachorwa kwa moto. Kila siku natoa risiti kama hizo kwa mkono huu.

Nikaviringisha yote nikaificha nyuma ya marobota ya madaftari ya shule. Nimekudanganya mara moja kwa barua na dereva mara mbili kwa mdomo. Kaka yako hajui. Kila asubuhi ananiuliza, "Imeenda?" Ni neno analolisema vizuri kuliko yote. Namwambia imeenda.

Leo nimempa dereva yote. Itupe wewe, mimi mkono hauinuki. Kwenye ile meza ya mama nilisema kweli kwamba boti ni mke mkubwa. Lakini mke mdogo hampigi pasi mke mkubwa makusudi.

Wifi yako.


13 Mei

Dada

Naandika kushoto. Dereva ananishikia karatasi.

Mke wangu anadhani sijui. Nilirudi nikasikia harufu ya plastiki. Baadaye nikaona risiti nyeusi kwenye taka. Mimi ndiye niliyenunua karatasi zile, najua zinachoogopa.

Wakiuliza andika ni mimi. Mzee mgonjwa, alisahau, akaweka karibu na moto. Basi.

Usimwambie.

Kaka


Chumba cha Skana,
27 Mei

Wifi, na kaka, kwa maana barua hii utamsomea,

Nianze na kosa langu. Nimetazama barua yangu ya kwanza, ninaweka nakala ya kila ninachoandika. Neno maji lipo mara kadhaa. Neno joto halipo kabisa. Hapa kazini kila mtu anajua karatasi zile haziwekwi hata dirishani, na kwa kuwa sote tunajua, sikufikiria kuna mtu wa kuambiwa. Yale niliyoandika Aprili nayafuta. Nisamehe, wifi.

La pili: kaka anajua. Alijua kabla yangu. Alinikataza nisikwambie, lakini nikilificha hilo, yanayofuata hayataeleweka.

Sikutupa mikanda. Hapa hatutupi kitu kabla ya kukiandika kilivyo. Plastiki imeshika pembeni tu, katikati nimeifungua kwa wembe. Michoro ya mashine imekwenda na hairudi, nisikudanganye. Lakini nilipoinamisha mkanda mmoja karibu na taa ili niandike "nyeusi", niliona kitu kinang'aa. Kaka alikuwa akiandika kwa penseli juu ya kila mkanda, palepale kwenye boti: tarehe, mahali, na kina alichokisoma. Penseli haikuungua. Ukiangaza kwa pembeni inang'aa juu ya weusi kama nyayo za konokono. Nimepiga picha mkanda kwa mkanda, taa ikiwa imelala. Kisha nikalinganisha na madaftari. Namba zinakubaliana.

Nilimpelekea Bwana Mhuri. Akageuza mkanda mmoja huku na huku kwa muda mrefu. Akasema hiki si kile tulichokitaka, lakini kinaonyesha kwamba mikanda ilikuwepo na kwamba namba za madaftari ziliandikwa majini, hazikutungwa mezani. Anakubali kuingiza vyote, kwa sharti moja. Panapoandikwa hali ya nyaraka, lazima iwepo taarifa ya namna mikanda ilivyokuwa myeusi, imeandikwa na kutiwa saini na aliyefanya, jina kamili; mfano wa fomu nimeutia kwenye bahasha hii. Itakaa humo na itasomwa na yeyote atakayefungua, leo na hata sisi tukiwa hatupo.

Nikamwonyesha barua ya kaka. Akaisoma akairudisha. Akaniuliza, "Mtafiti ameunguza ushahidi wake mwenyewe kabla ya kamati kukaa. Wewe ungekuwa Mhandisi ungesema nini?"

Kaka, nakuheshimu, na najua kwa nini umesema hivyo. Lakini ukisema ni wewe, watasema Bwana Tope alijua mikanda yake inamsuta akaipeleka motoni. Nilipendekeza tuandike tu "iliharibika kwa joto nyumbani". Amekataa. Amesema kila kinachoharibika kinaharibika kwa joto au kwa maji, anachotaka ni mtu.

Wifi, sikulazimishi. Jina lako halipo popote kwenye kazi hii, na likiingia litaingia kwa jambo hili peke yake. Ukikataa nitaelewa, tutaingiza kichwa cha ripoti tu na kaka atajua tulijaribu. Mwisho wa kupokea ni katikati ya Juni, yaani dereva akija tena kwenu, safari hiyo ndiyo ya mwisho.

Wifi yako.


Nyumbani,
10 Juni

Wifi,

Nilimsomea yote kama ulivyosema. Tulipofika kwenye "kaka anajua" nikashusha karatasi, nikamtazama. Akatazama dari, pale panapovuja. Nikamwambia, kumbe kila asubuhi uliponiuliza imeenda ulikuwa unajua haijaenda. Akasema, "Nilikuwa nakupa nafasi." Sentensi nzima, wifi. Mtu wa mazoezi hajawahi kuipata hiyo.

Halafu tukagombana, kama watu wazima. Yeye hataki jina langu liingie. Anasema watu watacheka. Nikamwambia wewe walikucheka kikao kizima na bado unakula. Anasema yeye ni mgonjwa, mgonjwa husamehewa. Nikamwambia mgonjwa husamehewa lakini haaminiwi, na hapa tunataka uaminiwe. Akagonga kiti. Akakataa chakula cha mchana, jioni akala vya mara mbili.

Jana asubuhi akaomba meza isogezwe karibu. Nimeandika taarifa kwenye karatasi ya pili, utaiona. Nimeandika kila kitu: Jumapili, plastiki, kitambaa, pasi, na kwamba yeye hakuwepo nyumbani wala hakujua. Kuimba sikuandika. Nimetia saini, naye ametia saini kwa kushoto kama shahidi. Imekwenda mteremko, lakini ni yake. Mwalimu wa jirani ametia saini pia, kwa sababu nakujua, ungerudisha ukidai shahidi asiye wa familia.

Sikuipiga laminesheni.

Jambo moja. Nimeona mfano wa fomu uliotuma, mahali pa jina umeshaandika kwa penseli "mke wa mtafiti". Nadhani ulitaka kunisitiri. Kifute. Andika jina langu lote, la kwangu na la baba yangu, kama lilivyo kwenye saini. Mwenye duka mjini kwetu anajulikana, wasije wakadhani ni mke mwingine.

Na lile swali lako la Aprili, la nimesaidia nini kwenye kazi ya kaka yako. Usilifute. Sasa lina jibu, na limeandikwa mahali ambapo hata wewe huwezi kulitoa.

Wifi yako.